Posa ya Maneno Ishirini na Matano

Bochaberi aliisoma ile karatasi iliyobandikwa mlangoni mara tatu, na mara zote tatu alitamani awe amekosea ukumbi.

Hakuwa amekosea. Namba kumi na saba ilikuwa yao na majina yalikuwa yao, wawili pamoja kama walivyokubaliana: Bochaberi wa Suna, na Yassir Abdi wa Migori mjini. Lakini sentensi iliyopigwa chapa chini ya majina hayo hakuwa ameiona tangu azaliwe.

"Kijana mshika taa anagundua kwamba msichana anayempenda anaposwa na mwingine, na lazima aizuie posa hiyo kabla jua halijatua, la sivyo atampoteza milele."

Alihesabu kwa vidole. Maneno ishirini na mawili. Mwalimu Machuki alikuwa amewapa yasiyozidi ishirini na matano kusimulia filamu nzima, kwa hiyo sentensi hiyo haikuvunja hata kanuni, na jambo hilo lilimuudhi zaidi.

Yake ilikuwa nyingine kabisa. Alikuwa ameibeba kichwani miezi mitatu, akiwa kazini, akiwa jikoni, hata kanisani mhubiri akiwa katikati ya fungu: mpiga video wa sherehe anakodiwa kurekodi posa ya watu asiowajua, anafika na kamera yake begani, anakuta anayeposwa ni yeye. Alipoisema kwa mara ya kwanza, Yassir alicheka mpaka akaiangusha taa. Na taa hiyo ndiyo iliyowakutanisha, maana Bochaberi alipiga video za harusi na mazishi kuanzia Migori hadi Ndhiwa, na Yassir, mtoto wa mwenye duka la vitambaa lililotazamana na studio yake, alijitolea siku moja kumshikia taa kwenye harusi ya Suna. Harusi iliisha, maharusi wakaenda zao, na kijana wa watu akaendelea kushika taa mwaka mzima. Kwao wote wawili hakuna aliyejua. Baba yake Yassir alidhani mwanawe anapenda kamera. Mama yake Bochaberi alidhani kijana wa Abdi ni mtu wa kusaidia.

Leo walikuwa Homa Bay, kwenye ukumbi wenye madirisha yanayotazama ziwa, pamoja na watu wengine ishirini na kitu, kila mmoja na sentensi yake. Mwalimu Machuki alikuwa ametengeneza filamu miaka mingi, na aliahidi kwamba sentensi itakayoshinda itageuzwa filamu ya dakika kumi, na aliyeiandika ndiye atakayeiongoza. Bochaberi hakuwa amewahi kutaka kitu kwa namna alivyoitaka ile nafasi. Yaani, kitu kimoja tu alikitaka kuliko hiyo, na hicho ndicho kilichokuwa kinavuka barabara wakati huo, kikitoka msikitini.

Yassir alikuja akiwa amekunja mikono ya kanzu hadi viwikoni, harufu ya udi ikimtangulia, mkononi kifuko cha sambusa. Siku nyingine, kumwona tu ndani ya kanzu ya Ijumaa kulitosha kumsahaulisha Bochaberi alichotaka kusema. Leo hakusahau hata silabi.

"Umekula?" Yassir aliuliza.

"Soma hapa."

"Kwanza kula, Bocha. Najua tangu asubuhi—"

"Nimesema soma hapa."

Yassir hakuitazama karatasi. Alimtazama yeye. "Sihitaji kusoma. Ni mimi niliandika."

"Najua ni wewe. Nauliza, nani alikutuma?"

"Fomu ilikuwa inafungwa Jumatano saa sita. Nilikupigia Jumatatu, nikakupigia Jumanne. Nimetuma mesej, umesoma, hukujibu. Sasa ningefanya aje?"

"Ungetuma ile yetu."

"Ile Mwalimu alikataa wiki iliyopita mbele ya watu wote?"

"Hakukataa! Alisema haijaisha."

"Alisema haina mtu anataka kitu. Nilikuwa hapo, nilisikia na hizi masikio zangu. 'Hilo ni jambo linalomtokea. Yeye mwenyewe anataka nini?' Na wewe ukanyamaza." Sauti yake ilianza kupanda, akaishusha. "Msichana anafika, anakuta anaposwa. Halafu? Anasimama tu hapo na kamera?"

"Kwa hivyo ukaona umtoe."

"Sijamtoa. Si ako hapo? Msichana anayempenda."

"Huyo si msichana, Yassir. Huyo ni mzigo umeachwa steji ya matatu, unangoja mwenyewe akuje auchukue."

Watu wawili waliokuwa wakifanya mazoezi karibu na mlango waligeuka, kisha kwa adabu wakajifanya hawakugeuka. Bochaberi alishuka ngazi haraka akaelekea upande wa ukuta, na Yassir akamfuata na kifuko chake cha sambusa ambacho sasa kilikuwa kama mtoto wa jirani, hajulikani akabidhiwe nani.

"Nilitaka tupite," alisema. "Nilitaka ushinde."

"Na nikishinda na sentensi yako nitakuwa nimeshinda nini? Miezi tatu, Yassir. Hiyo kitu ilitoka kwangu. Wewe umekaa dukani dakika kumi ukaifanya iwe yako."

"Haikuwa dakika kumi."

"Basi ni ngapi?"

Yassir alimtazama. Alikuwa na macho ambayo hayakujua kudanganya, na Bochaberi aliyapenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo aliyaogopa sasa.

"Ilikuwa Jumanne yote," alisema. "Kutoka ile saa niliambiwa kuna mtu anakuja kwenu Jumapili."

"Nani alikuambia?"

"Migori ni kubwa aje? Mzee Oyaro alinunua kitambaa cha suti kwetu. Akamwambia baba yangu anashonesha kwa sababu amekuwa mshenga, anaenda kuchukua jibu kwa mama yako, Mama Edith wa nafaka, juu ya yule msichana wa kamera." Yassir alicheka kicheko kikavu. "Mimi ndiye nilimkatia hicho kitambaa. Mita tatu."

Hapo ndipo hasira ya Bochaberi ilipochanganyika na aibu, na mchanganyiko huo, kama umewahi kuuonja, ni mchungu kuliko hasira peke yake. Kwa maana ilikuwa kweli. Wiki iliyopita alirudi nyumbani kutoka kupiga video ya harusi, begi la kamera likiwa bado begani, akamkuta Mzee Oyaro sebuleni akinywa chai. Mama yake alimkaribisha kwa sauti ya wageni. Ilimchukua chai nzima kuelewa kwamba anayezungumziwa ni yeye. Filamu yake ilikuwa imemtangulia nyumbani, ikamngoja kwenye kiti.

"Ulikuwa uniambie lini?" Yassir aliuliza. "Ng'ombe wakishafika?"

"Sikujua niseme nini."

"Ungesema hutaki."

"Ningemwambia nani? Hakuna mtu aliniuliza! Mama hakuniuliza, Oyaro hakuniuliza. Walikuwa wanaongea juu yangu kama sipo, na nilikuwa hapo hapo, mimi ndiye nilikuwa namimina chai." Machozi yalikuwa karibu, akayakataza. "Nikasema angalau kuna mtu mmoja. Mmoja tu. Halafu nafika hapa nakuta na wewe umeniamulia."

Yassir alinyoosha mkono kama anayetaka kuushika wake, akakumbuka walipo, akauacha mkono hewani.

"Niliandika nikiogopa," alisema taratibu. "Hiyo ndiyo ukweli. Sikuwa nafikiria filamu."

Bochaberi alitaka kumsamehe papo hapo. Alitaka pia kumpiga na kifuko cha sambusa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aligeuka akaingia ukumbini, akakaa kiti cha mbele kabisa ambapo hakuna nafasi ya pili.

*

Ijumaa yao siku zote ilikuwa nyembamba. Mpaka saa saba na nusu ilikuwa ya Yassir na msikiti. Kuanzia jua kutua ilikuwa ya Bochaberi na Sabato, na nyumbani kwa Mama Edith jua likitua hakuna jiko linalowashwa wala safari inayomaliziwa. Katikati ndiko walikoishi hawa wawili. Walizijua saa hizo vizuri, na waliiba kila dakika yake.

Leo stima ilipotea saa nane, taa zikazimika, zikarudi saa tisa na robo, na foleni yote ikasogea nyuma. Obare, aliyekuwa akiita namba mlangoni, alikuwa bado kwenye namba tisa saa kumi ilipogonga na mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Bochaberi aliijua sauti ya zile ndala kabla hajageuka.

"Mama?"

"Usishtuke, nimekuja kukuchukua." Edith alikuwa na leso yake ya safari na kikapu. Alikuwa ametoka soko la Ndhiwa kununua karanga za kuuza. "Daktari alikuwa anakuja huku, akasema atatupeleka mpaka nyumbani. Nikaona ni Mungu amepanga."

Mungu alikuwa amesaidiwa kidogo kupanga. Nyuma ya Edith alisimama Monari, daktari wa mifugo wa Ndhiwa, mrefu, mpole, viatu vikiwa na matope ya zizi la mtu. Huyu ndiye Mzee Oyaro alikuwa mshenga wake. Bochaberi alikuwa amemwona mara mbili tu, kanisani, kwa mbali.

"Habari ya kazi?" Monari aliuliza kwa haya. "Mama ameniambia unatengeneza filamu. Inahusu nini, kwa ufupi?"

Katika watu wote duniani, yeye ndiye aliyekuja kuuliza swali hilo. Bochaberi alitafuta la kusema.

"Inahusu... posa," alisema.

Daktari wa watu akajikuna shingo, akatazama viatu vyake.

Yassir alikuwa ameshasimama upande wa pili. Edith alimwona.

"Kijana wa Abdi! Hata wewe uko huku?"

Kulikuwa na nafasi ndogo hapo, ndogo kabisa, ambayo ingetosha kupitisha ukweli. Bochaberi aliiona. Yassir pia aliiona, maana alimtupia jicho.

"Namsaidia na taa, mama," Yassir alisema.

"Ndiyo, Mama," Bochaberi alisema. "Ananisaidia na taa."

Waliyasema kwa urahisi, kwa kuwa walikuwa wameyasema mwaka mzima. Lakini leo hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Sawa, mwanangu, ubarikiwe," Edith alisema, kisha akamgeukia binti yake na kushusha sauti. "Saa kumi na nusu tunatoka. Uwe umesema, ama uwe hujasema. Hiyo jua haitungoji."

"Mama, hii ndiyo nafasi yangu."

"Na Jumapili je? Jumapili si nafasi? Nimekulea peke yangu miaka kumi na sita tangu tumwache baba yako kaburini. Nataka nikuone kwako. Mtu wa kanisa letu, mtu wa kazi, mtu hanywi. Wewe unataka nini ingine?"

Lilisikika kama swali, lakini Edith hakungoja jibu. Alikuwa ameshamvuta Monari kuelekea viti vya nyuma.

*

Namba kumi na moja alikuwa na hadithi ya mganga. Namba kumi na tatu alisema sentensi tano akidai ni moja, Mwalimu Machuki akamkalisha. Namba kumi na nne hakuwepo. Bochaberi alikuwa na kalamu mkononi na karatasi magotini, na kwenye karatasi hiyo aliandika sentensi yake hadi pale ilipoishia siku zote, *anakuta anayeposwa ni yeye*, akaweka mkato, na kalamu ikakataa kusonga.

Anataka nini? Wiki nzima alikuwa amelikasirikia swali hilo kana kwamba ni la kiufundi. Kumbe hakulijibu kwa sababu alilijua jibu. Jibu lilikuwa limekaa viti vinne upande wa kulia, limevaa kanzu, linakwaruza kucha. Na gharama ya jibu hilo ilikuwa imekaa nyuma kabisa na kikapu cha karanga mapajani, ikitazama saa.

Angefunga mdomo leo, Jumapili Mzee Oyaro angekuja ndani ya suti yake mpya, na kunyamaza kwake kungehesabiwa kuwa ndiyo. Alijua desturi hiyo. Wasichana wangapi alikuwa amewapiga video wakitazama chini, na wazee wakisema, mwaona, amekubali.

"Namba kumi na saba!" Obare aliita. "Migori! Migori wako wapi?"

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika ishirini na mbili.

Walisimama wote wawili kwa mazoea. Walikutana chini ya jukwaa, karibu sana, na kwa sekunde hiyo moja Bochaberi aliona kope zake zimelowa.

"Sema yako," Yassir alinong'ona. "Yangu ilikuwa ya mtu mwoga. Hata kama hujaimaliza, sema yako."

Kisha alifanya jambo ambalo Bochaberi hakulitarajia. Alirudi akaketi.

Mwalimu Machuki aliinua macho kutoka kwenye makaratasi yake. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Tunaye mmoja? Vizuri. Ninayo hapa ya mshika taa."

"Si hiyo, Mwalimu. Iko ingine."

"Mara moja tu, bila kurudia. Mtu, anachotaka, kinachomzuia, na atakachopoteza. Bila majina. Endelea."

Bochaberi alishika kipaza sauti. Kutoka pale juu alimwona mama yake akisimama tayari, akifunga leso, kidole kikigonga mkono mahali ambapo saa ingekuwa. Alimwona Monari akimsihi kwa upole akae kidogo.

"Mpiga video anakodiwa kurekodi posa," alianza, na sauti yake ikatoka nyembamba, "anakuta anayeposwa ni yeye..."

Ukumbi ulicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu walioshikwa. Mwalimu Machuki pekee hakucheka, alingoja. Edith naye hakucheka. Alikuwa ameacha kufunga leso.

"...na kabla jua halijatua," Bochaberi aliendelea, akimtazama mama yake na hakuna mwingine, "lazima amtaje anayempenda, ingawa kumtaja huenda kukamkosesha mama yake."

Hakuna aliyecheka sasa.

Mwalimu Machuki alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya meza. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Ishirini na mbili," alisema. "Sasa yuko mtu ndani. Umebakiwa na maneno matatu, binti, lakini usiyatumie. Imetimia."

Watu walianza kupiga makofi. Kupitia makofi hayo ilikuja sauti kutoka nyuma, sauti ya mwanamke aliyezoea kuita bei sokoni, na makofi yakafa moja moja.

"Nani?"

Obare alisogea. "Mama, maswali ni ya Mwalimu peke—"

"Mimi sina shida na Mwalimu. Nauliza mtoto wangu." Edith alikuwa amesimama katikati ya njia, kikapu kimeegemea nyonga. Uso wake haukuwa na hasira ambayo Bochaberi aliitarajia. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia mlango ukigongwa na hajui afungue au la. "Huyo msichana wako. Anampenda nani?"

Miaka ishirini na sita, na hilo ndilo swali ambalo mama yake hakuwahi kumuuliza.

"Anaitwa Yassir, Mama."

Maneno matatu tu. Alirudisha kipaza sauti mahali pake.

Nyuma, Monari aliinuka polepole, akapangusa suruali yake. Alitazama jukwaani, na uso wake ulikuwa umeumia, lakini ulikuwa uso wa muungwana.

"Basi nimeshapata jibu," alisema. "Mzee Oyaro apumzike Jumapili." Kisha akachukua kikapu cha karanga mikononi mwa Edith. "Lakini twendeni. Bado nitawafikisha. Sabato ni Sabato."

*

Gari la Monari lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, chini ya ukumbi. Ukumbini namba kumi na nane alikuwa ameshaanza, na Mwalimu Machuki alikuwa amesema matokeo yatatumwa kwa simu. Bochaberi hakuwa na nguvu ya kuyafikiria. Alitembea nyuma ya mama yake kama alivyotembea akiwa mdogo, akipelekwa kliniki.

"Mama, sema kitu."

"Niseme nini? Umeshasema wewe." Edith hakugeuka. "Wao Ijumaa, sisi Jumamosi. Watoto wako utawapeleka wapi? Utapika nini Ramadhani? Na mimi nikifa, nani atakuimbia nyimbo zetu?"

"Hatujafika huko, Mama."

"Mimi nimefika. Nimefika huko zamani, nikiwa nimekaa kwa ile kiti ya nyuma."

Walisikia kandambili zikikimbia kwenye changarawe. Yassir aliwafikia akihema. Edith alimtazama kuanzia kofia hadi kandambili, taratibu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na kwa kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Kijana wa taa," alisema.

"Samahani, mama. Nilikudanganya. Si taa nilikuwa nafuata."

"Hata mimi nimeona hiyo sasa. Hebu niambie. Huyu ametaja jina lako mbele ya watu, mbele yangu, mbele ya mwanamume mzuri alitaka kumwoa. Wewe umetaja lake wapi?"

Yassir alivua kofia, akaikunja.

"Kwenu wanamjua kama nani?"

"Kama... jirani."

"Jirani." Edith alilirudia neno hilo bila ukali, na hiyo ndiyo iliyouma. Alimfungulia binti yake mlango wa nyuma wa gari. "Ingia, mwanangu. Mimi sijakubali kitu, hata usifurahi. Lakini siwezi kugombana na mtu hayuko. Huyu bado hayuko."

Bochaberi aliingia. Hakumtazama Yassir, kwa sababu angemtazama angelia, na kwa sababu mama yake alikuwa amesema kweli na ukweli huo ulikuwa umemkata. Monari aliwasha gari. Jua lilikuwa limeanza kuinama juu ya ziwa, na safari ilikuwa ndefu.

"Daktari, tafadhali, ngoja," Yassir alisema.

Monari alitazama kioo. Gari likabaki likinguruma mahali pamoja.

Yassir alitoa simu kwenye mfuko wa kanzu. Vidole vyake viliteleza mara ya kwanza, akabonyeza tena. Alisimama nje ya dirisha lililokuwa wazi, hatua moja tu kutoka kwa Bochaberi, na simu ilipopokelewa waliisikia wote sauti nzito ya Mzee Abdi ikijibu salamu.

Yassir alianza kuongea Kisomali. Aliongea haraka, akakwama, akaanza upya. Bochaberi hakuelewa kitu, isipokuwa jina lake. Alilisikia mara moja. Kisha akalisikia tena, limetamkwa polepole, kamili, kama mtu anayemtajia mwingine jina ili asije akalisahau.

Monari akazima gari.

Kisha Mzee Abdi aliuliza swali moja, fupi sana, jina la Bochaberi likiwa ndani yake.

Katika lugha yote ya watu hawa, Bochaberi alijua neno moja tu, lile linalosemwa dukani kutwa nzima mteja akiuliza kama kitambaa kipo, nalo maana yake ni ndiyo. Yassir alimtazama machoni kupitia dirisha, akalisema.

"Haa, aabo," alimwambia baba yake. "Haa."